Ncha ya Uzi Kwenye Gauni la Wifi

Kila asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye sindano, Bi Kimya alifungua droo ya kulia ya meza ya cherehani, akachungulia ndani, akaifunga tena. Ndani hamkuwa na kitu. Kulikuwa na alama tu ya mraba kwenye mbao, mahali ambapo kopo la bati lilikaa miaka mingi mpaka likaacha kivuli chake. Aliitazama alama ile kama mtu anayekagua kidonda kuona kama kimeanza kupona. Akisharidhika kwamba bado, ndipo alianza kazi.

Mumewe, mtunza stoo wa kiwanda cha mbao, aliyaona hayo kila siku akiwa na kikombe chake cha chai mkononi.

"Mama watoto, humo hakijarudi kitu."

"Najua."

"Sasa unatafuta nini?"

"Sitafuti. Namwagilia."

"Unamwagilia nini?"

"Kunywa chai yako."

Alikuwa akimwagilia kinyongo, na mumewe alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana hakuuliza zaidi, akazamisha pua kwenye kikombe.

Cherehani yenyewe ilikuwa ndogo na nyeusi, shingo imepinda, na maua ya dhahabu ubavuni yaliyofifia kwa kufutwa na vitambaa vya vizazi viwili. Haikuwa na bobini. Cherehani nyingine hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa chini, lakini hii ilitosheka na mmoja. Chini ya kitambaa uzi huo ulijisuka kitanzi ndani ya kitanzi, kama mnyororo mwembamba. Tena haikupiga kelele. Ukikanyaga kanyagio taratibu, ulichosikia ni pumzi tu, kama mtoto aliyelala. Majirani walipohamia pale mara ya kwanza walidhani mama huyu ni mvivu anayeshinda amekaa dirishani. Siku walipoona nguo zinazotoka mle ndani, wakampa jina la Bi Kimya, na jina likamganda.

Lakini mshono wa mnyororo una tabia yake. Ukimaliza kushona ni lazima uipitishe ncha ya uzi ndani ya kitanzi cha mwisho, uikaze kwa mkono. Usipofunga, nguo itavalika, itapigwa pasi, itapendeza. Siku atakapotokea mtu akaivuta ile ncha, mshono wote utafumuka, kuanzia ulipoishia hadi ulipoanzia, na hutapata hata nafasi ya kusema samahani.

Mama mkwe wake, mwenye cherehani, alikuwa amewafundisha kazi wawili: Bi Kimya, mke wa mwanawe, na binti yake wa kumzaa, ambaye kwa mavazi na maneno yake watu walimwita Madoido. Madoido alikuwa na jicho la nguo. Mchoro akiuona mara moja anao kichwani. Lakini kufunga nyuzi kulimchosha. "Mama, nani atakuja kuvuta uzi wa mtu?" alikuwa akisema. Basi siku moja sketi ya karani wa benki, iliyoshonwa na Madoido, ikakutana na mtoto aliyekuwa kwenye foleni nyuma ya karani huyo. Mtoto aliona uzi unaning'inia, akafanya wanachofanya watoto wote. Karani alirudi nyumbani amejifunga koti la mlinzi kiunoni.

Mama mkwe hakumpiga binti yake wala hakumgombeza. Alisema tu, mbele ya familia nzima, kwamba cherehani yake na kopo lake vitarithiwa na anayefunga nyuzi.

Kopo ndilo lililokuwa roho ya cherehani. Ndani yake mlikuwa na vifaa vidogo vya chuma vya kufungwa mahali pa mguu wa kawaida, na mama mkwe alikuwa amevipa majina mwenyewe. Konokono kilikuwa na mdomo uliojikunja. Ukikilisha ukingo wa kitambaa, kinaukunja mara mbili na kuutoa ukiwa pindo jembamba kama kijiti cha kiberiti. Tarumbeta kilivisha ukingo utepe bila pini hata moja. Kidole kilikuwa kinakuandalia kazi ya mbele: huku sindano inashona kikunjo hiki, chenyewe kinakwaruza alama ya kikunjo kinachofuata. Na Nzige, mkubwa kuliko wote, mwenye taya zinazokwenda mbele na nyuma, kazi yake ilikuwa kutafuna kitambaa kirefu na kukitema kikiwa marinda.

Mama mkwe alipofariki, na wageni walipoanza kufungasha kurudi makwao, Bi Kimya alifungua droo akakuta alama ya mraba peke yake. Aliuliza. Madoido, akiwa na sanduku lake mlangoni, alishika kifua. "Mimi? Kopo la mama? Wifi, usinitie dhambini." Bi Kimya angeweza kuishi na wizi. Lakini jioni ile ile, mbele ya wajomba na mashangazi walewale waliousikia wosia, Madoido alitoa kitambaa cha machozi akasema kwa sauti ya huruma, "Msimlaumu. Maisha ni magumu. Kama ameliuza kwa watu wa vyuma chakavu, mama huko aliko atamsamehe."

Watu wakatazama mikeka. Na usiku, mumewe, mtu mpole asiyeweza kumfukuza hata kuku wa jirani, alimuuliza taratibu, "Lakini kweli hukuliuza?"

Swali hilo ndilo lililoota mizizi. Tangu siku ile Bi Kimya alikunja marinda kwa mkono, pini kwa pini, na kila pini aliyochomeka alikuwa anajua anamchoma nani. Hakutaka pesa, hakutaka kuombewa radhi pembeni. Alitaka Madoido afungue kinywa chake, mbele ya watu walewale, aseme kopo alilichukua yeye.

Miaka ikapita. Madoido akaolewa, akafiwa na mume, akafungua duka la nguo lenye kioo mbele na sanamu mbili zisizo na vichwa mlangoni. Alikuwa na cherehani za umeme zilizonguruma kama kiwanda na wasichana wa kuzikalia, akishona sare za shule za rangi ya zambarau mtaa mzima. Mungu si Athumani wala Madoido si wa kukaa mpweke, akapata mchumba mwingine, mwenye bohari la saruji, mwanamume mnene mwenye furaha na viatu vinavyolia.

Hapo ndipo alipomkumbuka wifi yake.

Alikuja mchana, manukato yakitangulia, akabusu hewa pande zote mbili za uso wa Bi Kimya, akakaa. Akatoa jora la kitambaa laini cha rangi ya maziwa na picha ya zamani. Kwenye picha alikuwa mama yake, kijana, siku ya harusi yake, amevaa gauni lenye vikunjo vyembamba kifuani, utepe shingoni, na marinda yaliyopangana chini kama maji yanayotiririka ngazini.

"Nataka hili," alisema Madoido. "Nimejaribu dukani, wifi. Cherehani zangu zinakivuta hiki kitambaa, kinajikunyata kama ngozi ya maziwa. Hiki kinataka ile ya mama."

"Kinataka," alikubali Bi Kimya.

"Utanishonea?"

"Cherehani ipo. Lakini gauni hili mama alilishona kwa vifaa vya kopo. Na kopo, unakumbuka, lilipotea."

Madoido alichezea pete yake. Nje mtu alikuwa akipiga nyundo bati.

"Nitalitafuta," alisema. "Nina watu wangu."

Watu wake walikuwa hodari, kwa sababu kesho yake alirudi na kopo. Kopo lenyewe, na kutu yake pembeni na ua lililochubuka kwenye kifuniko. Mumewe Bi Kimya alikuwepo siku hiyo. Alisimama na mdomo wazi.

"Umelipata wapi, dada?"

"Kwa mzee mmoja wa vyuma chakavu, ng'ambo ya barabara kuu. Tena ananiambia, 'Aliniletea mama mmoja hivi, zamani, mkimya mkimya.'" Akamgeukia Bi Kimya na tabasamu la asali. "Lakini yaishe, wifi. Yalipita. Mimi sina kinyongo."

Bi Kimya aliona mumewe anashusha macho, akajua lile swali la usiku ule limeamka tena. Damu ikampanda mpaka masikioni. Akaimeza. Akafungua kopo.

Vyote vilikuwemo. Taya la Nzige lilikuwa na alama za meno ya koleo, makovu mapya ya mtu aliyejaribu kukilazimisha kifaa kikae kwenye cherehani isiyo yake na kikagoma. Na ndani ya mdomo wa Konokono, kimekwama kwenye mkunjo, kulikuwa na kipande cha uzi wa zambarau.

"Nashukuru," alisema. "Njoo tukupime."

Madoido alipoondoka, mumewe Bi Kimya alichukua kopo akataka kulirudisha kwenye droo.

"Acha hapo juu ya meza," alisema Bi Kimya.

"Si ndipo mahali pake?"

"Bado."

Basi kazi ikaanza, na hapa lazima isemwe ukweli kwamba Bi Kimya, pamoja na sumu yote iliyokuwa moyoni, alikuwa na furaha kama msichana aliyepewa viatu vipya. Alivisafisha vifaa kimoja kimoja kwa mafuta mepesi na mswaki mkuukuu. Akautoa ule uzi wa zambarau kwa sindano, akauchomeka kwa pini ukutani, mbele ya macho yake. Kisha akafunga Kidole, akaweka kitambaa cha kujaribia, akakanyaga.

Alikuwa amesahau. Vidole vyake vilikuwa vimesahau jinsi kazi inavyokuwa nyepesi pale chuma kinapojua kinachofanya. Kikunjo kilifuata kikunjo, vyembamba, sawasawa, na kila kimoja kilikuwa kimeshaandikiwa njia kabla hakijafika. Akabadilisha, akafunga Tarumbeta, utepe ukajizungusha shingoni mwa gauni bila kusukumwa. Konokono akameza ukingo wa mikono na kuutoa umelala. Akamweka Nzige mwisho kwa makusudi, kama mtu anayeacha kipande cha nyama pembeni ya sahani. Taya zikaenda mbele na nyuma, tiki, tiki, sauti pekee iliyowahi kutoka kwenye cherehani ile, na marinda yakaanza kushuka mapajani mwake, laini, mengi, mpaka yakamfunika miguu. Akacheka peke yake kwa sauti.

"Una nini?" mumewe aliuliza kutoka uani.

"Nimekutana na rafiki."

Akishacheka, aliinua macho ukutani, akauona uzi wa zambarau, akaendelea na kazi akiwa ameuma meno.

Ikafika zamu ya kufunga nyuzi. Alilitandika gauni kitandani, ncha zikiwa zinaning'inia kila mshono ulipoishia, akakaa mbele yake na sindano ya mkono. Mishono ya ubavuni ilianzia chini kwenye pindo na kuishia kiunoni. Ncha moja tu asiyoifunga, na mtu mmoja tu wa kuivuta. Ukumbini watoto watakuwepo wengi. Aliona yote: mshono unavyokimbia kutoka kiunoni mpaka chini, viatu vya mwenye bohari vinavyolia vikija mbio, Madoido amejishika kwa mikono miwili na kope zake za bandia. Mkono ulimwasha. Alishika ile ncha kati ya vidole viwili, akaipima uzito.

Lakini gauni lilikuwa zuri. Na lilikuwa lake, la mikono yake na la Nzige. Halafu kicheko cha ukumbini kingeisha siku ile ile, Madoido angelia, watu wangemhurumia, na kopo lingebaki limeuzwa na Bi Kimya milele.

Akafunga. Alifunga kila ncha, akaikaza, akairudia. Alipomaliza alikata kipande kingine cha uzi, kirefu kama kidole, akakishikiza kwa ndani pale kiunoni upande wa kushoto, akaiacha ncha yake ichungulie nje. Kipande hicho hakikuwa kimeshika kitu chochote duniani. Kilining'inia tu.

Ukumbi ulijaa. Wajomba walikuwepo, mashangazi walikuwepo, wamezeeka lakini masikio yangali mazima. Madoido alipoingia na lile gauni, watu walishusha pumzi. Shangazi mkubwa alilia, akasema marehemu amerudi. Madoido alitembea kama tausi, akigeuka ili kila upande uonwe, na Bi Kimya, kwenye meza ya nyuma na soda yake, alifurahia kila hatua. Alimwacha afurahi. Hakuwa na haraka.

Bibi harusi akaketi. Akanyoosha marinda. Mkono ukapita kiunoni, ukasimama, ukarudi. Bi Kimya alimwona akiinamisha kichwa kidogo kidogo, akatazama, akainua uso. Tabasamu lilibaki mahali pake lakini lilikuwa halina mtu ndani. Macho yake yakaanza kuzunguka ukumbini, meza hadi meza, mpaka yakakutana na ya Bi Kimya.

Bi Kimya aliinua kidole gumba na cha shahada, akavikutanisha hewani, kama mtu anayeshika kitu chembamba.

Kuanzia hapo Madoido alikaa kama aliyemeza ufagio. Muziki ulipopigwa, bwana harusi alisimama, viatu vikalia, akamnyooshea mkono. "Twende, mke wangu, tuwaoneshe!" Madoido akatikisa kichwa. "Mguu," alisema. Bwana harusi akacheza peke yake, maskini, akizunguka kiti cha mkewe kama nyuki. Mpiga picha akaomba wasimame, akakataliwa. Mtoto mmoja wa jamaa alipokuja kugusa marinda, Madoido alipiga ukelele ulioufanya muziki ujikwae.

"Ana nini huyu?" shangazi mkubwa aliuliza.

"Furaha," alisema Bi Kimya. "Imemzidi."

Kisha akainuka, akaenda mbele, akainama pembeni ya kiti cha bibi harusi kama fundi anayerekebisha pindo.

"Wifi," Madoido alinong'ona bila kufumbua meno. "Kuna ncha hapa. Nifungie."

"Sikuja na sindano."

"Wifi, nakuomba. Wakwe wamekaa pale."

"Nawaona. Watu wa heshima sana." Bi Kimya alilinyoosha rinda moja kwa upendo. "Saa ya shukrani imefika, kipaza sauti kinakuja. Sema kopo lilitoka wapi. Ukisema vizuri, tutaingia chumba cha kubadilishia nguo, nitakushughulikia. Usiposema, nakwenda kukaa. Watoto ni wengi leo."

"Huwezi kunifanyia hivyo."

"Yule karani wa benki naye hakuamini."

Kipaza sauti kikafika. Madoido alikipokea kwa mkono mmoja, wa pili umebana kiuno. Alimshukuru mumewe, akawashukuru wakwe. Akawashukuru wajomba na mashangazi. Akataka kukirudisha kipaza sauti. Bi Kimya, bado ameinama, alipitisha ukucha kwenye kitambaa, taratibu, juu kidogo ya kiuno.

"Na wifi yangu," sauti ya Madoido ilitoka imekauka, "aliyenishonea gauni hili. Kwa vifaa vya mama. Kopo la mama..." Akameza mate, na spika zikayameza pamoja naye. "Kopo la mama nililichukua mimi. Siku ile. Hakuliuza yeye. Hakukuwa na mzee wa vyuma chakavu. Lilikuwa kwangu, kabatini."

Wajomba hawakuwa na mikeka ya kutazama safari hii, ikabidi watazamane. Shangazi mkubwa alisema "Heee!" moja ndefu, akaweka kijiko chini. Bwana harusi, asiyejua kopo ni nini, alipiga makofi, na watu wengine wakapiga kwa kumwonea aibu.

Mumewe Bi Kimya alikuja kati ya meza, kofia mkononi.

"Mama watoto. Usiku ule nilikuuliza..."

"Uliuliza."

"Sikupaswa."

"Hukupaswa. Kanywe soda yako, nakuja."

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kidogo, kikiwa na kioo kilichopasuka pembeni na viti vya plastiki vilivyopandana. Madoido alisimama katikati, mikono miwili kiunoni, rangi za macho zimetiririka. Bi Kimya alifunga mlango. Akafungua pochi, akatoa mkasi mdogo.

"Usikate! Ukikata utafumuka!"

Bi Kimya alimwondoa mikono kwa upole, akaishika ile ncha, akaivuta. Ikatoka yote, kipande kirefu kama kidole, ikabaki imelala kiganjani mwake. Gauni halikutikisika. Mkasi akaurudisha kwenye pochi.

Madoido aliutazama uzi ule. Akautazama mshono, akapitisha kidole kutoka kiunoni kushuka chini, akauvuta kwa nguvu huku na huku kama mtu anayetaka kuubomoa. Mshono ukashika. Nje muziki ulikuwa umeanza tena, na kupitia ukutani vilisikika viatu vikilia, vikicheza peke yake.

"Wifi," alisema, "ulikuwa umefunga?"

"Nilifunga yote," alisema Bi Kimya. "Mara mbili."